Kushuka Kwanza, Kupanda Baadaye: Mwongozo wa Kutembea na Kupanda Miamba katika Korongo la Verdon

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Katika korongo la Verdon, kusini mashariki mwa Ufaransa, mpangilio huo umegeuzwa: mgeni hufika kwa gari hadi juu kabisa, kwenye ukingo wa genge, na safari yake huanza kwa kuteremka kuelekea mto unaoonekana kama uzi wa kijani huko chini. Mlimani, mtu aliyechoka hugeuka na kushuka, na mteremko humsaidia kufika nyumbani. Hapa aliyechoka bado anadaiwa mpando mzima, na hulipa deni hilo saa ambayo maji yamepungua chupani, miguu imelegea na kivuli kimeanza kuufunika ukuta. Kwa hiyo mwongozo huu, ambao unawahusu watembeaji wa miguu na wapandaji wa kamba kwa pamoja, umejengwa juu ya sharti moja: njia ya kutokea ipangwe kabla ya hatua ya kwanza ya kushuka.

Hatua ya kwanza: Lifahamu korongo na jiwe lake

Korongo lina urefu wa kilomita 25 hivi, na kina chake ni kati ya mita 250 na 700. Juu, kuta mbili huachana kwa mita 200 hadi 1,500, ilhali chini kuna mahali ambapo mto umebanwa katika upana wa mita 6 tu. Upande wa mashariki liko karibu na mji wa Castellane, na upande wa magharibi, jirani na Moustiers-Sainte-Marie, mto humwagikia katika ziwa la Sainte-Croix, ambalo lilitokana na bwawa lililojengwa katika miaka ya 1970. Wapandaji wengi hukaa katika kijiji cha La Palud-sur-Verdon, upande wa kaskazini wa korongo, na barabara ya Route des Crêtes inayoanzia kijijini hapo ndiyo inayopita ukingoni, juu ya kuta zenyewe. Tangu mwaka 1997 eneo hili ni hifadhi ya asili ya kimkoa.

Jiwe lenyewe ni chokaa ya enzi ya Jurasiki, iliyojikusanya katika bahari ya joto yenye matumbawe. Yeyote aliyewahi kupitisha mkono kwenye ukuta mkongwe wa mawe ya matumbawe katika miji ya pwani yetu atatambua kwamba mawe haya ni ya ukoo mmoja, ingawa hili la Verdon limekandamizwa na kukazwa kwa miaka mingi zaidi. Maji ya mvua hunyonya hewa ya kaboni na kuwa asidi hafifu, na asidi hiyo hulila jiwe taratibu, tone baada ya tone, hadi uso wake ukajaa vishimo vya mviringo vinavyotosha kidole kimoja, viwili au vitatu. Wafaransa huviita vishimo hivyo matone ya maji, na ndivyo vilivyolipa genge hili sifa yake duniani: ukuta ambao kwa mbali unaonekana laini kama karatasi, ukiukaribia unakuta umetobolewa kila mahali.

Chokaa hiyo ina tabia mbili ambazo mgeni sharti azikumbuke. Kwanza, hung'arishwa na mikono na viatu. Njia zilizopandwa kwa zaidi ya miaka 50 zimekuwa na utelezi kama wa kigae, na vivyo hivyo baadhi ya mawe ya njia ya miguu. Pili, likilowa, jiwe lililokuwa likishika vizuri asubuhi hugeuka kuwa jambo jingine kabisa. Mvua ikinyesha, mtembeaji apunguze mwendo kwa nusu, na mpandaji asianze.

Hatua ya pili: Chagua majira, kisha chagua saa

Majira mazuri ni kuanzia Aprili hadi Juni, na tena Septemba na Oktoba. Julai na Agosti ni miezi ya joto kali na ya watu wengi. Kuta nyeupe hurudisha joto la jua kama tanuri, na ngurumo za alasiri huweza kuzuka baada ya asubuhi isiyo na wingu hata moja. Katika miezi hiyo hiyo hatari ya moto wa msituni huwa kubwa, na mamlaka za wilaya zinaweza kuzuia watu kuingia maeneo fulani. Ulizia hali hiyo kila siku kabla ya kutoka, wala usiwashe moto wa aina yoyote katika matembezi yako. Majira ya baridi sehemu ya Route des Crêtes hufungwa, jambo linalobadilisha kabisa namna ya kuyafikia magenge.

Kwa sisi tuliozoea jua kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, saa za mchana za huko zinahitaji kuangaliwa upya. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, lakini katikati ya Oktoba huzama kabla ya saa moja jioni, na baada ya saa kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba giza huingia mapema zaidi. Isitoshe, chini korongoni kivuli hutangulia machweo kwa muda mrefu. Mtu aliyepanga safari ya Oktoba kwa kutumia simulizi za waliokwenda Juni anajiweka katika hatari bila kujua.

Anza saa moja au saa mbili asubuhi. Sijui sababu yoyote nzuri ya kuanza baadaye, isipokuwa wakati wa kiangazi kwa mpandaji anayesubiri ukuta wa Escalès, genge kuu la wapandaji lililo chini ya Route des Crêtes, ambao hupigwa na jua tangu asubuhi, uingie kivulini alasiri.

Hatua ya tatu: Uheshimu mto

Mto Verdon una rangi ya feruzi inayovutia kiasi cha kumsahaulisha mtu kwamba unatawaliwa na mitambo. Juu ya korongo kuna mabwawa ya Castillon na Chaudanne yanayozalisha umeme, na maji yanapofunguliwa, mto hupanda ghafla, hata katika siku kavu yenye anga safi. Mabango ya onyo yamewekwa kando ya njia, nayo si mapambo. Usivuke mto kwa miguu kwa sababu tu unaona kina kimefika magotini: ng'ambo ukifika na maji yakipanda nyuma yako, utakuwa umefungwa kati ya mto na ukuta wa mita mia kadhaa. Usipumzike juu ya jiwe lililo katikati ya mkondo, na usiwaache watoto wacheze kwenye changarawe za kando bila mtu mzima anayeutazama mto wakati wote. Pa kuvukia ni kwenye madaraja tu, kama vile daraja la miguu la Estellier linalounganisha kingo mbili.

Kuhusu maji ya kunywa, njia haina bomba wala kisima, na maji ya mtoni si salama kunywewa bila kutibiwa. Kila mtu abebe lita 2 wakati wa hali ya wastani na lita 3 wakati wa joto, na ayabebe yote tangu juu.

Hatua ya nne: Tembea njia ya Blanc-Martel

Ni vyema hata mpandaji hodari wa kamba aianze ziara yake kwa kutembea, kwa sababu mtu aliyeutazama ukuta kutoka chini huelewa kwa mwili wake mwenyewe umbali ambao ataning'inia kesho yake. Njia iliyo bora kwa kusudi hilo ni ile ya Blanc-Martel. Jina lake linawakumbuka Édouard-Alfred Martel, mchunguzi wa mapango, na Isidore Blanc, mwalimu wa shule wa kijiji cha Rougon, ambao walikuwa katika msafara uliopita chini ya korongo mwezi Agosti 1905 na kulivuka kwa siku kadhaa. Njia ya miguu ilitengenezwa baadaye na chama cha utalii cha Touring Club de France.

Ina urefu wa kilomita 15 hivi na huchukua saa sita hadi saba kwa mtu mwenye afya, bila kuhesabu mapumziko marefu. Watu wengi huanzia nyumba ya wageni ya Chalet de la Maline na kumalizia Point Sublime, mahali pa kutazamia mandhari, nami naupendekeza mwelekeo huo kwa sababu unakufikisha kwenye ngazi za chuma ungali na nguvu kiasi na kwenye mahandaki ukiwa umekaribia kumaliza.

Jambo la kwanza ni gari. Mwanzo na mwisho wa njia haviko pamoja, kwa hiyo panga usafiri siku moja kabla. Katika msimu wa wageni kuna basi dogo la watembeaji, na teksi za eneo hilo huzoea kazi hiyo. Ulizia ratiba katika ofisi ya utalii ya La Palud na uweke nafasi mapema. Utaratibu ulio bora ni kuliacha gari lako mwisho wa safari na kupelekwa mwanzoni asubuhi. Ukifanya kinyume chake utajikuta jioni ukiharakisha kuwahi gari la mwisho, na haraka katika njia ya mawe yenye utelezi ndiyo inayovunja vifundo vya miguu.

Kutoka Maline njia hushuka kwa zigizaga katikati ya miti, ikafika mahali penye kamba za chuma za kushikilia, kisha ikapita njiapanda ya kwenda daraja la Estellier. Usichukue njia ya daraja isipokuwa umekusudia kwenda ukingo wa pili. Ng'ambo hiyo kuna njia ya Imbut, ambayo huelekea mahali mto unapopotea chini ya mawe makubwa yaliyoporomoka, na njia ya Vidal, mpando mkali mno ambao hufaa kutumiwa kwa kupanda tu. Hizo ni safari za siku nyingine na za watu wasioogopa urefu.

Fuata alama za mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, zilizopakwa kwenye mawe na miti. Ni alama za njia ndefu ya GR4, ambayo Blanc-Martel ni sehemu yake. Ukiona mistari hiyo imepigwa kwa umbo la msalaba, maana yake umepotea njia na unapaswa kurudi hadi alama ya mwisho uliyoiona. Katika sehemu zenye mporomoko wa mawe pita mmoja mmoja, bila kusimama kupiga picha, kwa kuwa kilicho juu yako kilianguka jana na kinaweza kuanguka leo.

Katikati ya safari kuna tawi la kwenda La Mescla, mahali mto Artuby unapokutana na Verdon. Ni mchepuko mfupi, na mandhari yake yanastahili jasho lake, lakini jiulize saa kabla ya kuingia: ikiwa saa sita mchana imekwisha kupita nawe ni mtembeaji wa taratibu katika mwezi wa Oktoba, uache. Baada ya hapo njia hupanda hadi Brèche Imbert, mwanya katika mwamba ambako ngazi za chuma zenye vidato zaidi ya 200 huteremka zikiwa zimesimama karibu wima. Funga fimbo zako za kutembelea mgongoni, uangalie ngazi, ushuke huku mikono yote miwili ikiwa huru. Foleni ikiwa ndefu, subiri. Mbwa hawafai kupita hapa, na mtoto mdogo anayehitaji kubebwa hafai kuletwa katika njia hii hata kidogo.

Sehemu ya mwisho hupita ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kwa ajili ya mradi wa umeme ambao uliachwa kabla ya kukamilika. Refu zaidi, handaki la Baou, lina mita 670 hivi, giza lake ni totoro, na sakafu yake huwa na madimbwi. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwani, yenye betri mpya. Taa ya simu hushika mkono mmoja na kumaliza chaji ya kifaa ambacho pengine utakihitaji kuombea msaada. Usiingie mahandaki mengine yaliyofungwa kando ya njia, hata kama kizuizi chake kimevunjwa na wengine.

Ukitoka handakini unafika Couloir Samson, ambako wengi hudhani safari imekwisha. Bado kuna mpando wa kwenda Point Sublime. Weka akiba ya nusu lita ya maji na tende au biskuti chache kwa ajili ya sehemu hiyo peke yake.

Hatua ya tano: Jipime kabla ya kugusa kamba

Upandaji wa Verdon haufai kuwa somo la kwanza. Mtu anayetaka kuingia katika genge la Escalès, lenye urefu unaofikia mita 300, awe tayari ameshapanda njia ndefu za vituo vingi (mahali pa kusimama na kujifunga ukutani) kwingineko, anajua kushuka kwa kamba bila kuelekezwa, na anaweza kuipanda kamba yenyewe kwa mafundo ya prusiki, yaani ya kikamba chembamba kinachoibana kamba kubwa, iwapo mwamba utamshinda. Ujuzi huo wa mwisho hupuuzwa na wengi waliojifunzia kumbi za ndani; katika Verdon ndio tofauti kati ya jioni iliyochelewa na usiku wa kuning'inia.

Chagua njia iliyo chini ya uwezo wako kwa daraja moja la ugumu au zaidi. Madaraja ya Kifaransa yanayotumika hapa, 5, 6a, 6b na kuendelea, yana maandishi yale yale ya kwingineko, lakini katika njia za zamani bolti, yaani vyuma vilivyopachikwa mwambani vya kupitishia kamba, huwa mbali mbali, na kati ya bolti moja na nyingine mpandaji wa mbele hubaki na vidole vyake na utulivu wa moyo wake. Njia nyingine hazina bolti za kutosha na huhitaji vifaa vya kujipachikia katika nyufa. Kitabu cha njia, kinachouzwa kijijini, hueleza ipi ni ipi. Kisome usiku, si ukiwa ukingoni.

Anayetaka kuanza kwa kupanda kutoka chini, bila kushuka kwa kamba kwanza, anayo njia ya La Demande, ya daraja la 6a, iliyofunguliwa mwaka 1968. Huifikia kwa miguu kutoka Couloir Samson kupitia mahandaki. Ni ndefu, imeng'arishwa na vizazi vya wapandaji, na sehemu zake za juu ni nyufa pana zinazochosha kuliko daraja lake linavyoonyesha, lakini uzuri wake kwa mgeni ni kwamba mtu anaweza kuangalia ukuta, kuanza, na kuamua mapema kwamba leo si siku yake.

Ambaye hajafikia kiwango hicho aajiri mwongozaji. Ufaransa kazi hii inadhibitiwa kisheria: mwongozaji wa milima au mwalimu wa upandaji anayelipwa lazima awe na stashahada inayotambuliwa na serikali pamoja na kadi ya kitaaluma. Omba kuiona kadi hiyo. Wenye nayo huionyesha bila kuchukizwa.

Hatua ya sita: Shuka kwa kamba, kwa utaratibu usiovunjwa

Hapa ndipo mpangilio wa Verdon unapoonyesha ukali wake. Njia nyingi za Escalès huanzia juu: unaegesha gari kando ya Route des Crêtes, unatembea dakika chache hadi ukingoni, unafunga kamba na kutoweka. Hakuna matembezi marefu ya kukupasha mwili joto wala ya kukufikirisha upya. Kwa sababu hiyo utaratibu ufuatao ufanywe ule ule kila mara, hata kama mmepanda pamoja miaka kumi.

Mkiwa bado mbali na ukingo, vaeni kila kitu: kofia ngumu, mkanda wa kiunoni na mapajani, viatu vya kushukia. Kagua kifungo cha mkanda wa mwenzako naye akague chako, kwa mikono na si kwa macho peke yake. Kamba mbili nyembamba za mita 50 au 60 ndizo zinazofaa, kwa kuwa zikiungwa hutoa mshuko mrefu. Lakini urefu unaohitajika hutegemea njia, na kitabu ndicho kinachoamua. Halafu tafuteni kituo cha kushukia kwa kulinganisha mchoro wa kitabu na mandhari. Msifuate kamba za kundi jingine kwa kudhani wanakwenda mnakokwenda. Kuna pete nyingi ukingoni, na baadhi yake huongoza kwenye kuta ambazo ni wachache wanaoweza kuzipanda kurudi.

Mkifika kwenye nanga, yaani pete za kufungia kamba, kila mmoja ajifunge kwa utepe na karabina (kiungo cha chuma kinachofunguka) yenye kufuli kabla ya kufanya jambo lolote lingine. Unganisheni kamba mbili kwa fundo moja la kawaida linalozikamata zote pamoja, likazwe sana na kuachiwa mikia isiyopungua sentimita 30. Kisha kila ncha ya chini ifungwe fundo nene la kuzuia. Fundo hilo la ncha ni dogo, huchukua sekunde kumi, na kutokuwepo kwake kumewaua wapandaji wazoefu waliopita mwisho wa kamba wakitazama mandhari au wakitafuta kituo kilichokuwa pembeni. Upepo ukiwa mkali, msizitupe kamba; anayeshuka azibebe zikiwa zimekunjwa kiunoni na kuziachia kidogo kidogo.

Anayetangulia aweke kifaa cha kushukia, na chini yake fundo la prusiki linaloshika kamba iwapo mkono utateleza. Aupe mfumo wote uzito wake akiwa bado amefungwa kwa utepe, na ndipo ajifungue. Ashuke polepole, bila kurukaruka, kwa kuwa chokaa ina makali na kamba inayosuguliwa kwenye ukingo huo huo hukatika nyuzi. Akifika kituoni, ajifunge kwanza, ndipo atoe kamba kwenye kifaa na kutoa ishara. Sauti hupotea kirahisi kwa upepo na kwa kuta zinazopinda, kwa hiyo mkubaliane juu ya ishara za kuvuta kamba kabla ya kutengana. Maneno mawili ya Kifaransa yanafaa kukaririwa: relais, yaani kituo, na caillou, yaani jiwe. Ukisikia caillou, jibanze ukutani wala usiangalie juu.

Kabla ya mshuko wa mwisho, pengine kabla ya kila mshuko, kuna sekunde moja ambayo inabeba siku nzima: ile ya kuvuta kamba. Ikiwa kamba bado ipo juu, mnayo njia ya kurudi, hata kama ni ya jasho. Ikishavutwa, katika njia nyingi iliyobaki ni kupanda tu. Kwa hiyo simameni hapo na mjibu kwa sauti, kila mmoja kwa nafsi yake: je, hiki ndicho kituo kilichochorwa kitabuni? Je, anga la upande wa magharibi ni safi? Je, sote wawili tunaweza kuupanda mwamba ulio juu yetu sasa hivi, tukiwa na maji tuliyo nayo na mchana uliobaki? Jibu moja likiwa na shaka, pandeni kamba mrudi juu.

Kwa wanaoingia Escalès mara ya kwanza nashauri jambo ambalo wengine huliona la woga: acheni kamba moja ya ziada, isiyonyumbuka, ikiwa imefungwa juu na kuning'inia sambamba na sehemu mtakayopanda, na mchague njia fupi za juu za kipande kimoja au viwili. Uzuri wa jiwe ni ule ule, utupu chini ya visigino ni ule ule, na mlango hubaki wazi.

Hatua ya saba: Panda kurudi

Mpandaji wa mbele na mlinzi wake wa kamba wakaguane tena kabla ya kuanza: fundo lenye umbo la nane limekamilika, karabina imefungwa kufuli, kamba imepita sawasawa katika kifaa. Katika vishimo vya chokaa, angalia kabla ya kuingiza kidole. Kiweke wima, usikivute kwa pembeni, kwani hapo ndipo mishipa ya vidole hujeruhiwa. Uzito ubebwe na miguu. Ukuta wa Verdon, hasa sehemu zake laini, humpa zawadi mtu anayesimama kwa utulivu kwenye ncha ya kiatu na kumwadhibu anayejivuta kwa mabega.

Tumbusi wakubwa watapita karibu nawe, mara nyingine chini ya miguu yako. Walirejeshwa katika eneo la Rougon kuanzia mwaka 1999, baada ya kutoweka kwa muda mrefu. Ukikuta tangazo kwamba sehemu ya genge imefungwa kwa ajili ya ndege wanaotaga, chagua njia nyingine bila kubishana.

Ukifika juu, ondoka ukingoni kabla ya kujifungua kamba, na utazame unapokanyaga. Wageni husimama kwenye vizimba vya kutazamia kando ya barabara bila kujua kwamba kuna watu moja kwa moja chini yao, na jiwe dogo linalosukumwa na kiatu huwafikia wakiwa hawana pa kukimbilia. Ukimwona mtoto akirusha mawe, mweleze mzazi wake kwa upole kuna nini chini. Wengi hushtuka kweli na kuacha mara moja.

Hatua ya nane: Jiandae kwa dharura

Simu hazishiki mtandao katika sehemu nyingi za chini. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu aliye juu, awe mwenye nyumba ya wageni au rafiki, karatasi yenye jina la njia, idadi yenu, rangi ya gari, mahali lilipoegeshwa na saa ambayo, ikipita bila habari zenu, anapaswa kupiga 112. Namba hiyo ni ya bure. Anayepiga aseme kwanza mahali, kisha idadi ya majeruhi, kisha hali zao, na asikate simu kabla ya kuambiwa.

Bila mtandao, tumia filimbi au tochi: ishara sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha rudia. Helikopta ikija, mtu mmoja asimame mahali pa wazi na kuinua mikono yote miwili juu kwa umbo la Y, ikimaanisha ndiyo, tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini humaanisha hapana. Fungeni kila kitu chepesi, kwa sababu upepo wa mapanga yake hurusha kamba, koti na hata kofia. Majeruhi avikwe blanketi jembamba la kuhifadhi joto, ambalo lina uzito wa gramu chache na linapaswa kuwa katika kila mfuko, kwa kuwa hata mwezi Juni mwamba hupoa haraka jua likishaondoka. Na mkitoka salama, hata kama ni usiku wa manane, mpigieni kwanza yule mliyemwachia karatasi, ili asiwaite waokoaji kumtafuta mtu ambaye yuko mezani anakula.